Maboga ya Shangazi na Dawa ya Mchwa

Shangazi alitaka nimsifie maboga yake. Yalikuwa yametambaa hadi ukutani, majani mapana kama sinia. Nikainama kwenye msingi, nikamuuliza, "Shangazi, hapa palipigwa dawa ya mchwa?"

"Ilipigwa, mwanangu, tulipojenga. Ilinuka wiki nzima."

Nyumba ni ya miaka ya 1980, enzi ambazo dieldrini ilikuwa bado dawa ya mchwa. Dieldrini na DDT, dawa nyingine ya zamani ya wadudu, ni za ukoo mmoja wa sumu zinazodumu udongoni, na mimi ninayepima udongo siuchukulii ukoo huo kimzaha. Kule Vikuge, Kibaha, shamba la serikali lilipokea mwaka 1986 shehena ya msaada wa viuatilifu, vingine vimepitwa na muda. Banda lililovihifadhi likaanguka. Hata baada ya shehena kuondolewa, watafiti walikuta udongo bado umejaa DDT.

Wengi hudhani mvua za miaka yote hiyo zimeshasafisha. Hapana. Dawa hizi haziyeyuki vizuri kwenye maji, hung'ang'ania mboji. DDT huweza kuchukua miaka 2 hadi 15 kupungua nusu tu, na inapovunjika hugeuka DDE, nayo ni ngumu vilevile. Samadi huishikilia isisambae, ila haiiondoi.

Kwa mchicha, hatari kubwa ni tope: tone la mvua hupiga ardhi, udongo ukarukia jani. Tandaza nyasi kavu shinani, osha majani kwa maji mengi. Karoti imenye, maana dawa hukaa zaidi kwenye ganda.

Kwa boga, kuosha hakusaidii. Mizizi ya jamii hii, hasa zukini (boga dogo refu kama tango), huvuta dieldrini na DDE kutoka udongoni hadi kwenye shina na tunda. Ndiyo maana niliinama.

Na kuku je? Akichakura hapo humeza udongo, sumu ikajikusanya kwenye mafuta yake na kwenye kiini cha yai. Mimi yai hilo naliogopa kuliko mchicha.

Shangazi alinyamaza kidogo, kisha akaniletea jembe. Tuling'oa maboga yote ya ukutani. Mbegu mpya tulizipanda kwenye viroba, kwa udongo wa nyuma ya mwembe ambako hapajawahi kupigwa dawa, na kuku tukawawekea wavu wasifike tena msingini.