Majani Meupe, Anga Jeusi: Kuipa Picha ya Kawaida Sura ya Infraredi

Anayehariri picha ili zionekane za infraredi, yaani miale isiyoonekana kwa macho iliyo na mawimbi marefu kuliko mwanga mwekundu, anapaswa kukubali kwanza kwamba infraredi yenyewe kwa kawaida haimo katika faili lake. Sensa ya silikoni, yaani kipokea mwanga cha kamera, ina uwezo wa kuipokea miale hiyo hadi karibu nanomita 1100, lakini watengenezaji wa kamera huweka mbele yake kichujio kinachozuia sehemu kubwa ya mwanga unaopita nanomita 700 hivi. Tunachofanya kwenye kompyuta, basi, ni kukisia kwa kufuata rangi.

Robert W. Wood, mwanafizikia wa Marekani, alichapisha picha za infraredi mwaka 1910, na weupe wa majani katika picha za aina hiyo ungali unaitwa athari ya Wood. Umbijani, yaani rangi ya kijani ya majani, haufyonzi sana miale hiyo, nayo hurudishwa nje na muundo wa ndani wa jani, hasa pale seli zinapopakana na nafasi za hewa, hivyo mti huonekana kana kwamba umepakwa chokaa. Anga huwa jeusi kwa kuwa hewa hutawanya mawimbi mafupi ya bluu zaidi sana kuliko mawimbi marefu.

Katika programu za kuhariri picha za Photoshop au GIMP mimi hutumia kichanganya chaneli (zana inayochanganya viwango vya nyekundu, kijani na bluu), kikiwa kimewekwa kutoa picha ya nyeusi na nyeupe: nyekundu asilimia 40, kijani 140, bluu hasi 80. Jumla yake ni 100, kwa hiyo mawingu meupe hayabadiliki. Jani lenye thamani za 90, 120 na 50 (nyekundu, kijani na bluu, kwa kipimo cha 0 hadi 255) litatoka 164, ilhali anga lenye 110, 160 na 220 litashuka hadi 92. Gharama yake ni chembechembe, kwa sababu kutoa bluu kwa nguvu namna hii hukuza kila dosari ya chaneli hiyo. Faili la JPEG, ambalo mara nyingi huhifadhi rangi kwa undani mdogo kuliko mwangaza, huonyesha vijisanduku angani. Anza na RAW, yaani faili ghafi la kamera, ufanye kazi kwa biti 16.

Wengi huongeza pia mng'ao laini wakidhani ni tabia ya infraredi. Kwa kweli ulitokana na filamu ya Kodak HIE, iliyosimamishwa mwaka 2007, ambayo haikuwa na tabaka la kuzuia mwanga usirudi kutoka nyuma ya filamu. Ukiutaka, nakili safu, itie ukungu, iweke juu kwa hali ya kung'arisha (Screen), kisha upunguze nguvu yake hadi asilimia 20 hivi. Zaidi ya hapo, kwa maoni yangu, picha hugeuka kadi ya harusi.

Kinachofichua kazi mara moja ni vitu vya kijani visivyo na uhai. Kanga ya kijani na bati lililopakwa rangi hiyo vitang'aa sawa na mwembe, ingawa kamera ya infraredi ingeweza kuvionyesha tofauti kabisa. Maji ni mtego mwingine: katika infraredi halisi hukaribia weusi, lakini bahari ya kina kifupi yenye thamani za 90, 200 na 200 itatoka 156, karibu sawa na jani. Sehemu hizo hutengwa kwa barakoa (zana ya kuficha sehemu za picha zisizohaririwa) na kutiwa giza kwa mkono.

Chagua picha ya jua kali yenye anga la bluu iliyokolea. Anga la mawingu ya kijivu lina thamani tatu zinazokaribiana, na mchanganyo wenye jumla ya 100 utaliacha karibu kama lilivyokuwa.