Kabla hujapandisha sola juu ya paa la chuo

Kikao chochote cha kupanga umeme wa chuo hapa Dodoma hakikosi mtu wa kunyoosha mkono dirishani: "Jua lote hili, tunalia nini na bili?" Wa pili anauliza zinahitajika paneli ngapi. Wa tatu anajua mkandarasi. Kufikia chai ya saa nne, paa limeshajaa sola kichwani mwa kila mmoja, na bado hakuna aliyeuliza umeme wetu unakwenda wapi, na saa ngapi. Nimekaa kwenye vikao vya aina hiyo vya kutosha, na mengi ya madai yanayofuata nimeyasikia kwa masikio yangu, mengine nikiyasema mwenyewe.

"Jua likichoma zaidi, umeme unakuwa mwingi zaidi."

Paneli inakula mwanga. Joto linaipunguzia nguvu. Uwezo unaoandikwa nyuma ya paneli umepimwa seli zikiwa na nyuzi joto 25, na kila nyuzi inayozidi hapo hupunguza takriban asilimia 0.3 hadi 0.4 ya umeme. Juu ya bati mchana wa Oktoba, paneli kufika nyuzi 60 si ajabu, na hapo asilimia 12 hivi imeshapotea. Ndiyo maana inafaa kuacha nafasi kati ya bati na paneli ili upepo upite. Dodoma tuna bahati ya kuwa zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Siku ya kipupwe yenye anga safi, watu wamevaa masweta, paneli inaweza kufanya kazi vizuri kuliko mchana wa kuunguza.

"Paneli zielekee kusini."

Hii imetoka kwenye video za mafundi wa Ulaya. Sisi tupo nyuzi 6 hivi kusini mwa ikweta. Jua linapita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu wiki ya pili ya Oktoba, na Juni linakuwa upande wa kaskazini. Kwa hiyo ukipata nafasi ya kuchagua, inamisha kidogo kuelekea kaskazini. Lakini kwa mwinamo mdogo wa nyuzi 10 hivi, paa linaloangalia mashariki au magharibi halikupotezei mengi. Faida kubwa ya mwinamo huo ni kwamba maji na vumbi vinateremka.

Na vumbi ndilo la kuogopa. Kuanzia Mei hadi Novemba mvua ni ya kuhesabu, na upepo unahamishia viwanja vya mpira juu ya mapaa. Kuosha kufanyike alfajiri au jioni, maana maji baridi kwenye kioo kilichoungua yanaweza kukipasua. Sijaona mpango mwingi wa sola unaotaja bomba la maji juu ya paa, ngazi na mtu wa kulipwa kuifanya kazi hiyo. Paneli zinakuja kwa zabuni, ufagio unasahaulika.

"Tukifunga sola, habari ya kukatika umeme imekwisha."

Hapa ndipo fedha nyingi zinapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Niliwahi kufika chuo kimoja saa saba mchana, jua limesimama, paa zima linang'aa paneli mpya, na nyuma ya jengo jenereta linanguruma. Umeme wa TANESCO ulikuwa umekatika na sola ikazimika nao. Mkuu wa idara alidhani imeharibika. Haikuwa imeharibika. Inveta, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uweze kutumika majengoni, ikiwa ni ya kuunganishwa na gridi bila betri imetengenezwa ijizime gridi inapozima, kwa sababu ikiendelea kusukuma umeme kwenye nyaya, fundi aliyepanda nguzo akiamini hakuna moto anaweza kufa. Ukitaka sola iendelee wakati umeme umekatika, unahitaji inveta ya aina nyingine, betri, na nyaya za vitu vya lazima zilizotengwa: seva, maabara, zahanati, taa za njiani. Kutenga nyaya hizo kwenye jengo la zamani ni kazi, na kwa kawaida hakuna aliyeiweka kwenye bajeti.

Kuna jambo la saa pia. Ofisi na maabara zinafanya kazi saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, kwa hiyo zinakwenda sambamba na jua. Hosteli zinaamka jua likizama: taa, simu, kompyuta, pasi, na lile jiko la koili lililofichwa chini ya kitanda ambalo kila mlezi wa bweni analijua. Tuseme wanafunzi 500, kila mmoja wati 100 kwa saa nne za jioni. Hizo ni uniti 200 (uniti moja ni kilowati-saa moja), na paneli wakati huo hazitoi kitu. Kuzihifadhi unahitaji betri za kilowati-saa 250 hivi, maana betri haitumiki hadi tone la mwisho. Inawezekana, ila ni mradi mwingine kabisa, wenye bei nyingine.

Ilhali kuna betri ambayo vyuo vingi tayari vinayo na havijui: tangi la maji. Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) kimekaa kwenye vilima vya Chimwaga, na yeyote aliyejenga juu ya kilima anapandisha maji. Kupandisha lita 100,000 kwa mita 60, pampu na mota zikiwa na ufanisi wa nusu, kunakula uniti 33 hivi. Ukiwasha pampu saa tano asubuhi badala ya saa mbili usiku, kazi hiyo inafanywa na jua, na usiku maji yanashuka yenyewe.

"Bili ni uniti tu."

Kwa nyumba ya LUKU, sawa. Mteja mkubwa hulipa pia kilele cha mahitaji yake kwa mwezi, kinachopimwa kwa kVA (kilovolti-ampea, kipimo cha mzigo wote unaovutwa kwa wakati mmoja). Pampu mbili zikiwaka pamoja na majiko ya bwalo na viyoyozi vya utawala, mzigo huo wa muda mfupi unapandisha bili ya mwezi mzima. Kupanga zamu za mashine, na kufunga kapasita, kifaa kinachopunguza kVA za ziada, pale mota zinapovuta vibaya, kunapunguza gharama bila mtu kukosa huduma.

"Kubana matumizi ni kuwaambia wanafunzi wazime taa."

Yale mabango ya "Zima taa" hayana ubaya. Lakini piga hesabu: shawa ya umeme ya kilowati 5 kwa dakika kumi ni uniti 0.83. Taa ya LED ya wati 18 ingewaka saa 46 kwa umeme huo huo. Maji ya kuoga yapashwe na jua moja kwa moja, kwa mtambo wa paani usio na paneli wala inveta. Kiyoyozi kidogo kinavuta karibu wati 1,000, pangaboi wati 70 hivi. Na kwa mji ambao usiku wa Juni na Julai watu wanatafuta blanketi, ofisi nyingi zinahitaji kiyoyozi kwa sababu tu mchoraji aliweka vioo vipana upande wa magharibi. Jengo jipya liwe na kuta ndefu kaskazini na kusini, tatizo litapungua kabla ya tofali la kwanza.

"Jenereta tunalo tayari, halina gharama."

Lita moja ya dizeli inatoa uniti 3 hivi jenereta likibeba mzigo wa kutosha, na pungufu likiwashiwa ofisi mbili. Chukua bei ya lita kituoni leo, gawa kwa 3, upate gharama ya dizeli kwa uniti moja.

"Singida kuna upepo, na sisi tufunge mtambo."

Kasi ya upepo ikipungua nusu, nguvu yake inabaki moja ya nane. Upepo wa Singida haukuhusu mpaka upime wako, na juu ya mapaa upepo umejaa misukosuko. Mimi ningeacha.

"Bwawa la Nyerere limekamilika, ya nini kujisumbua?"

Mitambo yake tisa ina uwezo wa megawati 2,115, na wa kwanza ulianza kuzalisha Februari 2024. Lakini transfoma ya mtaani kwenu ikiungua, mnalala gizani hata Rufiji ikifurika.

"Mpango unaanza na zabuni ya paneli."

Sisi tulianza na mita ndogo kwenye kila jengo na daftari la mlinzi: asome saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, mchana ujulikane na usiku ujulikane. Wiki ya pili ya likizo, bweni moja lilikuwa tupu, milango imefungwa, na mita inakimbia usiku kucha. Tulizunguka nyuma. Boya la tangi lilikuwa limekufa, maji yanamwagikia kwenye mtaro, pampu inavuta tangu wanafunzi walipoondoka. Siku hiyo tulinunua boya.