Vipimo Safi, Maumivu Palepale: Kwa Nini Endometriosisi Huchelewa Kugunduliwa

Katika kliniki za magonjwa ya wanawake hufika wagonjwa ambao kila mwezi hulala kitandani siku mbili au tatu kwa maumivu ya hedhi. Wamekwisha kupita zahanati, kituo cha afya na hospitali kadhaa, wamepimwa mkojo na damu, wamepigwa utrasaundi, na kila mara wamerudishwa nyumbani na jibu lilelile: vipimo viko sawa, huna ugonjwa. Baadhi yao huongezewa maneno yasiyo ya kitabibu hata kidogo, kwamba wana mawazo mengi, kwamba wanadeka, kwamba wakiolewa na kuzaa chango litaisha lenyewe. Makala haya yanahusu ugonjwa mmoja ambao mara nyingi hubaki umefichwa nyuma ya majibu hayo, yaani endometriosisi, na sababu zinazofanya mwenye nao achelewe kuaminiwa.

Endometriosisi ni hali ambayo tishu inayofanana na utando wa ndani wa mfuko wa uzazi huota nje ya mfuko huo: juu ya ovari, nyuma ya mfuko wa uzazi, kwenye utando unaofunika nyonga kwa ndani, kwenye utumbo au kibofu cha mkojo, na mara chache hata kifuani. Tishu hiyo huitikia homoni za mzunguko wa mwezi. Huvimba na kuvuja damu ambayo haina mlango wa kutokea, huwasha nyama za jirani, na kadiri miaka inavyokwenda huacha makovu yanayogandisha kiungo kimoja na kingine. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ugonjwa huu unawapata takriban asilimia 10 ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa, yaani watu wapatao milioni 190 duniani, na kwamba tangu dalili za kwanza hadi ugonjwa upewe jina lake hupita kwa wastani kati ya miaka 4 na 12. Kwa msichana aliyeanza kuumwa akiwa na miaka 14, ucheleweshaji wa miaka 12 unamaanisha kwamba amemaliza shule, pengine amesoma chuo, ameajiriwa na hata kuolewa, na muda wote huo hajui anaumwa nini.

Sababu ya kwanza ya ucheleweshaji huo imo ndani ya kipimo ambacho wengi wetu tunakiamini kuliko kinavyostahili. Utrasaundi ya kawaida huonyesha vizuri mimba, fibroidi na vivimbe vya ovari, vikiwemo vile vya endometriosisi vilivyojaa damu nzito ya rangi ya kahawia. Lakini madoa madogo yaliyotapakaa juu ya utando wa nyonga hayaonekani kwa mashine hiyo, na yale yaliyozama nyuma ya mfuko wa uzazi au kwenye puru huhitaji mpimaji aliyefundishwa kuyatafuta. Kwa hiyo karatasi inayosema kwamba kila kitu ni cha kawaida inaeleza tu kilichoonekana siku ile, kwa mashine ile, na kwa jicho la mtu yule. Ikumbukwe pia kwamba ukubwa wa maumivu hauendi sambamba na wingi wa madoa: yupo mwanamke mwenye madoa machache anayezimia kwa maumivu, na yupo mwenye makovu mengi ambaye hugundulika tu anapotafuta mtoto bila kufanikiwa. Daktari anayepima ukweli wa maneno ya mgonjwa kwa picha peke yake atakosea mara nyingi.

Sababu ya pili ni kwamba dalili za ugonjwa huu zinafanana na za magonjwa ambayo sisi huyaona kila siku. Mwanamke akilalamika maumivu chini ya kitovu na maumivu wakati wa kukojoa, atapewa dawa za UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Akirudi mwezi unaofuata atapewa dozi nyingine, safari hii yenye nguvu zaidi, na akirudi tena ataambiwa ana UTI sugu. Mwingine ataambiwa ana PID, yaani maambukizi ya nyonga ambayo mara nyingi hutokana na magonjwa ya zinaa, na mumewe ataitwa ameze dawa pamoja naye, jambo ambalo limeleta ugomvi usio na msingi katika nyumba nyingi. Mwingine tena, kwa sababu maumivu yake yanakuja na kuharisha au kujaa gesi, atatibiwa amiba, taifodi au vidonda vya tumbo. Swali ambalo lingeokoa miaka ni jepesi mno: je, maumivu haya yanakuja au kuzidi kwa kufuata siku zako? Na kabla ya dozi ya tatu ya antibiotiki ni haki ya mgonjwa kuuliza kama mkojo wake umeoteshwa maabara na kimelea kikaonekana, kwa kuwa kumeza antibiotiki mara kwa mara bila kimelea kunajenga usugu wa dawa na hakupunguzi maumivu ya endometriosisi hata kidogo.

Ipo pia sababu ya kihistoria, nayo inatuhusu Waafrika moja kwa moja. Katikati ya karne ya 20, madaktari wa Marekani, akiwemo Joe Vincent Meigs wa Boston, walieneza fikra kwamba endometriosisi ni ugonjwa wa wanawake wenye uwezo waliochelewa kuzaa, na vitabu vya tiba vikauchora kama ugonjwa wa wanawake weupe. Mwanamke mweusi mwenye maumivu ya nyonga alihesabiwa kuwa na maambukizi ya zinaa hata kabla ya kuchunguzwa. Mwaka 1976 daktari mweusi wa Chicago, Donald Chatman, alichapisha matokeo yaliyoitikisa dhana hiyo: wagonjwa wake weusi walipochunguzwa kwa darubini tumboni, zaidi ya asilimia 20 walikutwa na endometriosisi, na miongoni mwao walikuwapo waliokwisha kuambiwa kuwa wana PID. Tabia ya kumfikiria mwanamke Mwafrika maambukizi kwanza haikuisha mwaka huo, na mtu akifuatilia mafaili ya wagonjwa wetu wenyewe anaweza kuiona bado, ingawa sasa wanaoiendeleza ni madaktari Waafrika.

Kwa Afrika Mashariki, ugonjwa huu ulipata sura ya mtu kupitia mtangazaji wa Kenya Njambi Koikai, ambaye endometriosisi yake ilifika kifuani na kusababisha mapafu kusinyaa mara nyingi. Alitibiwa Atlanta nchini Marekani mwaka 2018, akatumia sauti yake kuwaeleza wasichana kwamba maumivu yanayomtoa mtu darasani si jambo la kuvumiliwa, na alifariki Juni 2024. Aina ya kifuani ni nadra, na wagonjwa wengi hawafikii huko. Hata hivyo mwanamke ambaye anabanwa na kifua au kukohoa damu kila anapoingia kwenye siku zake anapaswa kulisema hilo waziwazi, kwa sababu daktari wa kifua huenda asiulize habari za hedhi.

Tuwe wakweli pia kuhusu namna maumivu yanavyosimuliwa. Wasichana wengi wamelelewa kuona haya kutaja hedhi mbele ya mwanamume, na mara nyingi anayekaa kwenye kiti cha daktari ni mwanamume. Msichana anainamisha kichwa, mama anasema kwa niaba yake kwamba "tumbo linamsumbua kidogo", na lile neno kidogo, lililosemwa kwa adabu, linaandikwa kwenye faili kama kipimo cha maumivu. Maumivu wakati wa tendo la ndoa na maumivu wakati wa haja kubwa, ambazo ni dalili mbili zenye uzito mkubwa sana katika kuutambua ugonjwa huu, hazitajwi kabisa. Sisemi haya ili lawama imwangukie mgonjwa, kwa maana kazi ya kuuliza ni ya daktari; lakini daktari mwenye foleni ndefu mlangoni huandika kile alichoambiwa, na mgonjwa aliyejiandaa hupata zaidi katika dakika zilezile chache.

Kujiandaa kunaanza na daftari. Kwa miezi miwili au mitatu andika tarehe ya kuanza na kumaliza hedhi, siku ulizoumwa, mahali panapouma, dawa uliyomeza na kama ilikusaidia, na hasa kile ambacho maumivu yalikuzuia kufanya. Sentensi kama "mwezi wa tatu sikwenda shule siku tatu, nilitapika mara mbili na diklofenaki haikunituliza" ina nguvu kuliko kusema kwamba unaumwa sana, kwa sababu inampa daktari kitu cha kupima na kulinganisha. Eleza kama una jamaa wa damu mwenye tatizo kama hilo, maana ugonjwa huu huonekana zaidi katika baadhi ya familia. Kama umewahi kuzaa kwa upasuaji na una kinundu kwenye kovu kinachouma na kuvimba kila mwezi, kionyeshe. Kinundu cha namna hiyo mara nyingi hudhaniwa kuwa jipu au ngiri, kumbe ni endometriosisi iliyoota kwenye kovu. Tunza nakala za majibu yote, hata yale yanayosema hakuna kitu, ili usianze upya kila unapobadilisha hospitali.

Ndani ya chumba cha daktari, maswali matatu yaliyoulizwa kwa upole hubadilisha mazungumzo. Uliza anadhani tatizo ni nini na kwa nini. Uliza ni ugonjwa gani mwingine unaoweza kuleta dalili hizi. Na kama ameona hakuna haja ya uchunguzi zaidi, muombe aandike kwenye faili kwamba uliomba na sababu ya kutoendelea. Azimio la Lisbon la Chama cha Madaktari Duniani, lililopitishwa mwaka 1981, linatambua haki ya mgonjwa kuomba maoni ya daktari mwingine wakati wowote wa matibabu, kwa hiyo kuomba rufaa kwa bingwa wa magonjwa ya wanawake si utovu wa adabu. Ukiweza, nenda na mtu anayekuona siku za maumivu, awe mume, dada au mwalimu wa malezi. Inasikitisha kwamba neno la shahidi husikilizwa haraka kuliko la mwenye mwili, lakini ndivyo ilivyo.

Si lazima kusubiri upasuaji ndipo tiba ianze. Zamani ilihesabiwa kwamba ugonjwa haujathibitika mpaka daktari aone kwa macho kupitia upasuaji wa matundu madogo, huduma ambayo kwetu ipo katika hospitali chache kubwa na gharama yake si ya kila mtu. Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2022 uliachana na sharti hilo, na sasa daktari anaweza kuanza tiba kwa kutegemea maelezo ya mgonjwa na uchunguzi wa mwili: dawa za kupunguza maumivu zinazoanzwa mapema maumivu yanapojitokeza, pamoja na dawa za homoni. Hapa ndipo familia nyingi hukwama, kwa kuwa homoni hizo ni zilezile za uzazi wa mpango, na mama akisikia binti yake wa miaka 16 ameandikiwa vidonge vya majira huvikataa papo hapo. Kazi ya vidonge hivyo kwa binti huyo ni kutuliza mzunguko unaoichochea tishu, havimfanyi mgumba, na uzazi hurejea baada ya kuviacha. Kinachoweza kweli kupunguza uwezo wa kuzaa ni makovu ya ugonjwa ulioachwa ukiendelea. Mimba, kwa upande wake, huweza kutuliza dalili kwa muda lakini si dawa, na kumshauri msichana azae ili apone ni ushauri ambao hauna nafasi katika tiba ya leo.

Si kila maumivu ya nyonga ni endometriosisi. Fibroidi, adenomiosisi (tishu kama hiyo inapoota ndani ya ukuta wa mfuko wa uzazi), maambukizi halisi na matatizo ya utumbo yote yapo, na daktari mwangalifu atayapitia. Yapo pia maumivu yasiyongoja daftari wala miadi. Mwanamke aliyekosa hedhi kisha akapata maumivu makali ya ghafla upande mmoja wa tumbo, kizunguzungu au maumivu ya bega, huenda ana mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi na anaweza kupoteza damu nyingi ndani ya saa chache, kama ambavyo homa kali pamoja na uchafu wenye harufu ukeni huashiria maambukizi yanayohitaji tiba ya haraka. Huyo apelekwe moja kwa moja kitengo cha dharura, usiku au mchana, hata kama wiki iliyopita aliambiwa kwamba vipimo vyake ni safi.