George Washington Williams: yanayosemwa na yaliyokuwa

Ukiuliza ni nani aliyefichua ukatili wa Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji kule Kongo, utatajiwa Morel, mwandishi wa habari wa Uingereza, na Casement, balozi mdogo wa Uingereza kule Kongo. Walifanya kazi kubwa, ila hawakuwa wa kwanza. Ripoti ya Casement ilitoka 1904. Barua ya wazi ya Mmarekani mweusi George Washington Williams kwa mfalme huyo ina tarehe 18 Julai 1890, na aliiandikia Stanley Falls, yaani Kisangani ya leo, mahali ambapo Leopold alimpa Tippu Tip, mfanyabiashara wa Zanzibar, uliwali mwaka 1887.

Wapo wanaomdhania mmisionari aliyepita njia. Uchungaji alikuwa nao kweli, lakini mengi yalitangulia na mengi yakafuata. Alizaliwa Pennsylvania mwaka 1849, akaingia jeshi la Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani akiwa na miaka 14, akapigana Mexico dhidi ya mfalme Maximilian, kisha akatumikia kikosi cha 10 cha wapanda farasi cha jeshi la Marekani. Mwaka 1875 alianzisha gazeti la The Commoner mjini Washington, halikudumu. Baadaye akahariri jingine Cincinnati. Mwaka 1879 akachaguliwa kuwa mbunge wa kwanza mweusi katika bunge la jimbo la Ohio.

Watetezi wa Leopold walimwita mzushi mwenye chuki. Chuki gani? Mwaka 1889 alimhoji mfalme Brussels akatoka akimsifu, na alikuwa na mpango wa kupeleka Wamarekani weusi wakafanye kazi Kongo. Kilichombadili ni macho yake mwenyewe. Aliandika jinsi watu wa Stanley, mpelelezi aliyemfanyia Leopold kazi Kongo, walivyoficha betri ndani ya koti, waya ukafika kiganjani, ili chifu akipeana mkono na mzungu apigwe na umeme aamini kwamba mgeni ana nguvu zisizo za kawaida. Walitumia pia lenzi kuwasha sigara kwa jua, wakitishia kwamba jua hilohilo lingeteketeza kijiji. Hivyo ndivyo vijiji vizima vilivyosainiwa kuwa mali ya Leopold, pamoja na masanduku machache ya pombe ya jini. Baada ya hapo akapanga mashtaka 12 dhidi ya serikali ya Leopold, utumwa ukiwamo, akadai iundwe tume ya kimataifa.

Jambo moja walilomshika nalo lilikuwa na ukweli: alijiita kanali, na cheo hicho hakukipata katika jeshi la Marekani. Lakini cheo hakikufuta hata shtaka moja kati ya yale 12.

Wengi pia hudhani maneno "uhalifu dhidi ya ubinadamu" yalizaliwa mwaka 1945, kwenye kesi ya viongozi wa Wanazi iliyofanyika Nuremberg, Ujerumani. Williams aliyatumia mwaka 1890, alipomwandikia waziri wa mambo ya nje wa Marekani kuhusu Kongo.

Alifariki Blackpool, Uingereza, tarehe 2 Agosti 1891, kwa kifua kikuu, akiwa na miaka 41. Kaburi lake lilikaa bila jiwe la maana hadi 1975, mwanahistoria John Hope Franklin alipolitafutia.