Sheria ya 1855 haikupiga marufuku biashara ya makuli

Nimeulizwa tena swali lilelile: Waingereza walishapiga marufuku biashara ya makuli, yaani vibarua wa Kiasia waliosafirishwa ng'ambo kwa mkataba, mwaka 1855, mbona Wachina waliendelea kufa baharini? Jamani, hawakuipiga marufuku. Waliiwekea vipimo.

Sheria ile ilihusu meli yenye abiria wa Kiasia zaidi ya 20, kwa safari ya zaidi ya siku 7. Ilitaka tabibu, mkalimani, chakula, maji, na futi 12 za mraba kwa kila mtu mzima. Niliwachorea wanafunzi wangu kwa chaki sakafuni: futi 6 kwa 2. Mmoja akajilaza, mabega yakakaribia kugusa mistari yote miwili. Hapo ndipo mtu alale, ale na atapike kwa miezi kadhaa. Na hiyo ni meli iliyotii sheria.

Linaloniudhi hasa ni hili: sheria ilifuata bendera na bandari, haikumfuata abiria. Ilizibana meli zote zilizopakia Hong Kong, koloni la Kiingereza, na meli za Kiingereza zilizopakia bandari za China. Lakini Macau ilikuwa pua na mdomo na Hong Kong, na ilitawaliwa na Ureno. Mawakala waliotafuta vibarua wa Cuba na Peru wakawapakia huko, chini ya bendera za Peru, Hispania na Ufaransa. Mei 1871 meli Don Juan, iliyotoka Macau kuelekea Callao, bandari ya Peru, ilishika moto. Abiria walikuwa wamefungiwa chini kwa vyuma. Mabaharia wakashusha mashua, wakaondoka. Walikufa zaidi ya watu 500. Macau ilikuja kufungiwa biashara hiyo mwaka 1874.

Australia nako sheria ilikwepwa: koloni la Victoria liliweka kikomo cha Mchina mmoja kwa kila tani 10 za meli, pamoja na kodi ya pauni 10 kwa kichwa. Manahodha wakawashusha Robe, bandari ya koloni la jirani, nao Wachina wakatembea mamia ya kilomita hadi kwenye machimbo ya dhahabu.

Kipengele kimoja cha sheria ile ya 1855 bado kinanisumbua. Kabla ya kung'oa nanga, afisa alitakiwa kuwapanga abiria na kuhakikisha wanajua waendako na wameuelewa mkataba. Aliyekopa nauli, wakala wake akiwa anamtazama, angejibu nini? Vitabu huandika kwamba waliridhia. Mimi darasani naandika kwamba waliulizwa.