Je, vidonge vya vitamini vinaulinda ubongo dhidi ya mionzi ya simu?

Matangazo ya aina hii yamezagaa mitandaoni: chupa ya vitamini C na E, pengine na melatonini (homoni ya usingizi), pamoja na ahadi kwamba ukimeza kila siku, ubongo wako utakuwa salama dhidi ya mionzi ya simu na Wi-Fi. Ukimuuliza muuzaji, atakuambia imethibitishwa kisayansi. Na kweli, tafiti zipo. La kuuliza ni zilifanywa kwa nani, na zilipima nini.

Zilifanywa kwa panya. Maabara kadhaa, nyingi zikiwa Uturuki, zimewaweka panya karibu na antena inayotoa mawimbi ya megahezi 900, ambayo simu zetu zimeyatumia kwa miaka mingi. Mara nyingi panya huingizwa kwenye kibomba cha plastiki kinachombana asigeuke, kichwa kikielekea antena, akakaa humo muda fulani kila siku kwa wiki kadhaa. Mwishoni huuawa, ubongo wake ukasagwa, na wataalamu wakapima malondialdehaidi, kemikali inayobaki pale mafuta ya kwenye kuta za seli yanaposhambuliwa na radikali huru, yaani molekuli zisizotulia zinazoharibu seli, ambazo vitamini hizi husifiwa kuzizima. Katika baadhi ya tafiti kemikali hiyo ilipanda kwa panya waliopigwa mawimbi, na ikawa chini zaidi kwa wenzao waliopewa vitamini. Tafiti nyingine hazikuona badiliko lolote.

Tangazo huishia hapo, kana kwamba panya na binadamu ni kitu kimoja. Ubongo wa panya ni mdogo mno, kwa hiyo mawimbi huupenya wote, ilhali kwa mtu mzima sehemu kubwa ya nguvu yake huishia upande ulioegemea simu. Tena kubanwa kwenye kibomba ni mateso, na mateso yenyewe huweza kuongeza radikali huru. Zaidi ya yote, kemikali kupanda si ugonjwa. Hatujaambiwa kwamba panya alipona kitu.

Kuna hofu nyingine inayofanya vidonge hivi viuzike: kwamba mionzi ya simu hukata vinasaba kama inavyoweza kufanya eksirei. Haina uwezo huo. Chembe moja ya mwanga wa kawaida, ule wa taa ya sebuleni, ina nguvu zaidi ya mara laki moja kuliko chembe ya mawimbi ya Wi-Fi ya gigahezi 2.4. Kinachojulikana kwa uhakika kuhusu mawimbi ya simu ni kwamba hupasha mwili joto kidogo, na viwango vinavyotumika kimataifa, wati 2 kwa kila kilo ya tishu za kichwa, viliwekwa kwa ajili ya kudhibiti joto hilo.

Ni kweli kwamba mwaka 2011 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliyaweka mawimbi haya kwenye kundi 2B, yaani huenda yakasababisha saratani. Watu wana haki ya kuuliza kuhusu hilo. Lakini mwaka 2024 ulitoka uchambuzi ulioagizwa na Shirika la Afya Duniani, uliopitia tafiti 63 za binadamu, na haukukuta uhusiano kati ya matumizi ya simu na saratani ya ubongo, hata kwa waliotumia miaka kumi na zaidi.

Kinachonisikitisha ni kwamba kidonge chenyewe ndicho chenye madhara yaliyoonekana kwa binadamu. Finland, kwa wanaume wavutaji sigara zaidi ya 29,000, waliomeza beta-karotini, kirutubisho kingine kinachosifiwa kuzima radikali huru, walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi. Matokeo yalitoka mwaka 1994. Marekani, vitamini E ya yuniti 400 kwa siku iliongeza saratani ya tezi dume kwa asilimia 17. Na kuhusu ubongo wenyewe, uchambuzi wa mwaka 2010 uliounganisha majaribio kadhaa ulikuta vitamini E inapunguza kidogo kiharusi cha damu kuganda, lakini inaongeza kile cha damu kuvuja kwenye ubongo kwa asilimia 22. Hatari hiyo kwa mtu mmoja bado ni ndogo, ila ni ubongo uleule ulioahidiwa ulinzi.

Mtu mzima anahitaji miligramu 15 tu za vitamini E kwa siku, na karanga, alizeti na mboga za majani husaidia kuzipata. Pera moja lina vitamini C nyingi kuliko chungwa.

Anayetaka kupunguza mawimbi kichwani ana njia isiyo na gharama: aisogeze simu. Umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu inayokufikia hushuka hadi takriban robo. Weka spika, tumia hedifoni, au andika ujumbe. Pia usipige simu ndefu mahali penye mtandao hafifu, kwenye lifti au ndani ya basi linalopita porini, kwa sababu simu ikihangaika kuufikia mnara huongeza nguvu yake mara nyingi.

Na kama mzazi wako anatumia warfarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, usimnunulie vitamini E ya dozi kubwa kabla hajaongea na daktari wake. Vikichanganyika, damu huweza kuvuja bila kukatika.