Je, wajua mausi ya kompyuta hujuaje mkono wako unakokwenda?

Juzi nilikuwa kwenye saiba moja pale Mwembe Tayari nikingoja karatasi zangu zichapwe. Kiti cha pili, bibi mmoja aliyevaa buibui alikuwa akiomba pasipoti mtandaoni. Alipoambiwa ashike mausi, aliinyanyua akaielekeza kwenye skrini kama rimoti ya tivii.

"Nyanya, usiinyanyue," kijana wa saiba akamwambia kwa upole. "Iburure mezani, polepole."

Haukupita muda, kishale kikawa kinamtii.

Aliyetupa urahisi huo ni Mmarekani Douglas Engelbart. Mwaka 1945, akiwa fundi wa rada wa jeshi la wanamaji huko Ufilipino, alisoma makala ya mwanasayansi Vannevar Bush kuhusu mashine ya kumsaidia mtu kuhifadhi maarifa na kuyaunganisha. Wazo hilo halikumtoka tena. Wakati kompyuta zilikuwa zikilishwa kadi zilizotobolewa na mtu akingoja majibu, yeye alitaka mtu akae mbele ya skrini, aonyeshe anachotaka, na mashine imjibu papo hapo.

Aonyeshe kwa nini, basi? Tazama mkokoteni wa maji. Ukiusukuma mbele, magurudumu huzunguka. Ukiuvuta ubavuni, huburuzika tu bila kuzunguka. Engelbart aliitumia tabia hiyo. Chini ya kipande cha mbao kinachoenea kiganjani kulikuwa na magurudumu mawili membamba yaliyokaa kama herufi L: moja lilipima mwendo wa mbele na nyuma, jingine wa kulia na kushoto. Ukienda mshazari, yote mawili huzunguka, kila moja kwa kadiri yake. Mzunguko ulibadilisha umeme, na kompyuta ikausoma na kukisogeza kishale. Mwenzake Bill English ndiye aliyekiunda kifaa hicho mwaka 1964, kikiwa na kitufe kimoja juu. Waya ulitokea nyuma kama mkia, na ndiyo maana kikaitwa mausi, yaani panya kwa Kiingereza.

Walikipima pamoja na vifaa vingine, ikiwemo kalamu ya mwanga, na kikafanya vizuri zaidi. Hataza, yaani hati ya kumiliki uvumbuzi, ilitoka mwaka 1970, lakini ilikuwa mali ya taasisi aliyofanyia kazi, na Engelbart hakulipwa mrabaha. Jambo hilo huniuma kila nikilikumbuka.

Ila kwangu mimi, mausi ndiyo sehemu ndogo ya kazi yake. Tarehe 9 Desemba 1968, mbele ya watu wapatao 1,000 mjini San Francisco, alionyesha kwa dakika 90 mambo ambayo leo tunayaona ya kawaida: kuandika na kusahihisha kwenye skrini, kubonyeza neno likakupeleka kwingine, na kuzungumza na mwenzake aliyekuwa Menlo Park, kilomita kama 48 kutoka hapo, huku sura yake ikionekana na wote wawili wakishughulikia maandishi yaleyale. Mtoto wa Likoni anayempigia babake aliye Jeddah kwa video anafanya alichokionyesha Engelbart siku ile.

Bibi alipomaliza fomu yake, aliipindua mausi akaona taa nyekundu tumboni. "Na hii, mwanangu?"

Magurudumu hayapo tena, kijana akamweleza. Hiyo taa yamulika meza, na kamera ndogo mle ndani yaipiga picha zaidi ya mara elfu moja kwa sekunde, ikilinganisha kila picha na iliyotangulia ijue mkono umeelekea wapi. Bibi akapitisha kidole kwenye mwanga ule, na kwenye skrini kishale kikatikisika.